Utarajali wa Saikolojia Mtaani: Mwongozo kwa Anayeanza Kazi na Watu Wenye Magonjwa Makubwa ya Akili

Umemaliza darasa, barua ya utarajali iko mkononi, na umepangiwa timu ya afya ya akili ya wilaya badala ya hospitali kubwa uliyoitazamia. Ipokee nafasi hiyo. Kwa mwanasaikolojia anayetaka kuwafaa watu wenye skizofrenia, bipola au sonona kali, hakuna shule inayoizidi. Mgonjwa hukaa wodini wiki chache tu. Miaka mingine yote anaishi kwa mama yake Mbagala, kwa kaka yake Kongwa, au barazani mwa duka la mtu. Huko ndiko dawa inakoendelea au inakoachwa, na huko ndiko anakotukanwa au anakoitwa kula pamoja na wengine.

Wala wazo hili halikuja kwetu juzi na semina. Mwaka 1954 daktari Thomas Lambo alianza kuwapangishia wagonjwa vyumba kwa wanakijiji wa Aro, karibu na Abeokuta nchini Nigeria. Waliishi humo na ndugu zao na kupata matibabu hospitalini. Tanzania nayo, ambako Hospitali ya Mirembe ya Dodoma ilianza kazi miaka ya 1920, baadaye ilifungua vijiji vya utengamao kama Hombolo, ambako wagonjwa walilima na kufuga huku wakitibiwa. Unarithi kazi iliyokwishafanywa na watu wenye akili na subira, na haikuhitaji majengo makubwa.

Nimeandika nikiilenga zaidi Tanzania. Ukiwa Kenya au Uganda vyeo vitabadilika. Nyumba utakazoingia zinafanana.

Kabla ya kuripoti

Kituo kisicho na mpango kitakugeuza karani wa mafaili. Uliza mapema:

1. Nani atanisimamia kila siku, na nani atanisimamia kitaaluma? Wilayani mara nyingi hakuna mwanasaikolojia. Anayeongoza ni mratibu wa afya ya akili, na kwa kawaida ni muuguzi. Hilo halina ubaya, mradi yupo mwanasaikolojia atakayekusikiliza saa nzima kila wiki, hata kwa simu.
2. Je, timu inatembelea nyumba? Kwa usafiri gani, na nani analipa nauli?
3. Nitafuatilia wateja wangapi? Wanane unaowajua kwa miezi yote watakufundisha zaidi ya themanini unaowaona mara moja dirishani.
4. Hali ikichafuka nampigia nani? Usiku je, na Jumapili?

Soma pia Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 kabla hujaanza. Kama uko Kenya, soma marekebisho ya mwaka 2022. Utaulizwa na ndugu, "Tunaweza kumpeleka kwa nguvu?" na jibu la kubahatisha linaweza kumnyima mtu uhuru wake.

Wiki mbili za kwanza: usimtibu mtu

Kaa na muuguzi wa kliniki ya akili. Sikiliza anavyoita majina, anavyouliza, anavyojua kwamba fulani hajaja na kwamba kutokuja kwake kuna maana. Katika wiki hizo jifunze dawa zilizopo kituoni: haloperidol, chlorpromazine ambayo wengi huiita Largactil, sindano ya fluphenazine, carbamazepine, na benzhexol yenye jina maarufu la Artane. Huandiki dawa wala hubadilishi dozi, lakini lazima utambue zinapomuumiza mtu. Mikono kutetemeka, mate kutiririka, mwili kukakamaa. Miguu isiyotulia, mtu anainuka, anakaa, anainuka tena; ndugu watakuambia ugonjwa umerudi, kumbe ni dawa. Shingo ikipinda ghafla na macho yakageuka juu, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Kwa nini mwanasaikolojia ajisumbue na haya? Kwa sababu wengi wanaoacha dawa wana sababu nzuri ambayo hakuna aliyewauliza. Kijana ambaye hawezi kukaa kwenye kiti cha kinyozi bila miguu kuchezacheza, au ambaye dawa imemwondolea nguvu za ndoa, hatashawishiwa na hotuba kuhusu umuhimu wa dawa. Chukua malalamiko yake, yaandike kwa maneno yake, mpelekee mtoa dawa.

Angalia na mwili wote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wenye magonjwa makubwa ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wengine, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ni magonjwa ya mwili yanayozuilika. Kikohozi cha wiki tatu cha mtu mwenye skizofrenia ni kikohozi kama cha mtu mwingine yeyote. Apimwe.

Kutembelea nyumba

Hapa ndipo utarajali ulipo hasa. Kliniki inakuonyesha mtu aliyeoga na kuvaa shati la safari. Nyumbani utaona anapolala, anakula na nani, dawa inakaa wapi, na kama kikombe chake kimetengwa na vikombe vya wengine. Kikombe kilichotengwa kinasema mengi kuliko fomu nzima ya tathmini.

1. Omba ruhusa kwa mteja mwenyewe, siku anapokuja kliniki. Ruhusa ya mama yake peke yake haitoshi.
2. Usiende peke yako. Fuatana na muuguzi au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefahamika mtaani. Koti jeupe liache ofisini, na gari lenye nembo lisimame mbali na mlango.
3. Piga hodi, subiri karibu. Mpe shikamoo mkubwa wa nyumba, kisha msalimie mteja kwa heshima ya umri wake. Baba wa miaka 45 hasalimiwi kama mtoto kwa sababu anaumwa.
4. Kaa ulipokaribishwa, ila usimzibie mteja njia ya mlango, na usijizibie yako.
5. Zungumza na mteja, si juu ya kichwa chake. Ukimgeukia dada yake na kuuliza, "Huyu anakula vizuri?" umejiunga na wote wanaomfanya hayupo.
6. Anza na siku yake: "Jana, tangu ulipoamka, siku ilikwendaje?" Jibu litakupa usingizi, chakula, upweke, kazi, sigara na hofu bila kuuliza orodha ya dalili.
7. Kuhusu dawa usihesabu vidonge kama askari. Sema: "Watu wengi hupitiwa. Wewe wiki hii ulipitiwa siku ngapi?" Kisha: "Ni nini kinachokukera katika dawa hizi?"
8. Ondoka mkiwa mmekubaliana jambo moja dogo, linaloonekana. Kuamka kabla ya saa mbili na kufagia uwanja siku tatu. Kwenda gengeni na dada. Moja tu.
9. Andika siku hiyohiyo: ulichoona, alichosema, mlichokubaliana, kinachokutia wasiwasi.

Majirani watauliza wewe ni nani. Kubaliana na mteja mapema mtajibu nini; "mgeni wa mama" inatosha. Ukikuta pombe, silaha au ugomvi umepamba moto, aga na uondoke. Kurudi kesho si kushindwa.

Kuzungumza na mtu anayesikia sauti

Watarajali wengi huiogopa saa hii, wakadhani kuna maneno maalumu. Hayapo. Kinachohitajika ni kuuliza kwa utulivu, kama unavyouliza kuhusu maumivu ya mgongo: Sauti ni ya nani? Inasema nini? Inakuja wakati gani zaidi? Ukiwa unafanya nini inapungua? Swali la mwisho lina thamani kubwa, kwa maana watu wengi wameshagundua njia zao wenyewe: kuimba kwaya, kusikiliza redio, kusali, kutembea. Anza na njia yake kabla ya kumletea uliyofundishwa darasani.

Halafu liulize hili bila kupindapinda: "Sauti imewahi kukuambia ujidhuru, au umdhuru mtu?"

Mteja akikuambia jirani anatia sumu kwenye maji, usibishane naye, na usimkubalie. Ukibishana anakuhesabu upande wa jirani. Ukikubali unaongeza hofu na kesho utashindwa kurudi nyuma. Shika hisia: "Kuishi ukiamini maji yako yana sumu kunachosha. Unakunywa nini siku hizi? Usingizi unaupata?" Utamkuta mtu mwenye kiu, asiyelala, na hapo pana kazi ya kufanya. Kuchunguza ushahidi pamoja naye huja baadaye sana, taratibu, akikuamini, na msimamizi wako akijua.

Familia ikisema ni majini au amerogwa, uliza: "Hapa nyumbani tatizo hili mnalielezaje? Mmeshakwenda wapi, na kulisaidia nini?" Wengi watakuwa wamepita kwa mganga, kwa mchungaji au kwenye kisomo cha ruqya kabla yako, na wataendelea kupita. Usitumie nguvu kuwavunja. Utafiti wa COSIMPO uliofanyika Ghana na Nigeria na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba waganga na watoa huduma za afya wakishirikiana, wagonjwa wa saikosisi hupata nafuu zaidi kuliko wanapoachwa kwenye utaratibu wa kawaida. Ombi lako kwa mganga au mchungaji liwe fupi: asikatishe dawa, asimfungishe saumu muda mrefu mtu anayetumia dawa, asimpige, asimfunge.

Kuhusu kufunga: iko siku utaingia ua na kumkuta mtu ana mnyororo mguuni. Usijifanye hukuona. Wala usidai ufunguliwe saa hiyohiyo kisha uondoke, kwani familia nyingi hufunga baada ya kukosa dawa na kukosa msaada, na mnyororo utarudi ukishafika kituo cha daladala. Uliza umeanza lini na nini kilitokea kabla yake. Angalia vidonda, chakula, choo. Siku hiyohiyo mwarifu msimamizi na afisa ustawi wa jamii, na hakikisha matibabu yanafika nyumbani pamoja na tarehe ya kufungua. Akiwa mtoto, hilo haliwezi kungoja hadi jioni.

KISANDUKU: Mambo yasiyosubiri kesho

☐ Amechanganyikiwa ghafla na ana homa: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, maambukizi mengine. Si kazi ya mazungumzo.
☐ Anatumia dawa za saikosisi na ana homa, mwili umekakamaa, jasho jingi: dharura ya kifo.
☐ Anatumia clozapine na ana homa au koo linauma: apimwe damu leo.
☐ Mama aliyejifungua karibuni halali, anasema mambo yasiyoeleweka kuhusu mtoto: hospitali, yeye na mtoto, wasiachwe peke yao.
☐ Ana mpango wa kujiua na njia ya kuutekeleza, au sauti inamwamuru.
☐ Hajala wala kunywa siku mbili.

Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo. Muulize, hasa katika wiki za mwanzo baada ya kutoka wodini, wakati hatari iko juu. Jua pia sheria ya ulipo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na ndiyo maana ndugu watakuambia "alikunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya". Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichoadhibu jaribio hilo kinapingana na katiba. Kila mahali kazi yako ni matibabu: ondoa sumu na kamba nyumbani, hakikisha hakai peke yake, mfikishe hospitali.

Familia: nusu ya tiba

Tangu tafiti za George Brown na wenzake huko London, imejulikana kwamba mtu mwenye skizofrenia akirudi kwenye nyumba yenye lawama na masimango mengi huzidiwa upya haraka zaidi. Jambo hili lisitumike kuwalaumu ndugu. Mama anayefoka amekesha miezi, ameuza kiwanja kwa ajili ya matibabu, na hakuna aliyemweleza chochote. Mweleze. Hapa Tanzania mradi wa Kuwezeshana Kupata Uzima, KUPAA kwa kifupi, ulijaribiwa Dar es Salaam na Mbeya ukiwakutanisha wagonjwa na ndugu zao katika vikundi vya kujifunza ugonjwa, dawa na maisha. Tafuta vikundi vya namna hiyo vilipo ujifunze kuviendesha.

Jambo la kwanza la kuifundisha familia ni hili: kulala sana, kutooga, kukaa kimya uani saa nyingi, mara nyingi ni ugonjwa wenyewe. Sauti zinaweza kunyamazishwa na dawa, lakini kuishiwa hamu ya kufanya jambo hubaki muda mrefu. Ndugu huita uvivu. Wakielewa, matusi hupungua, na hapo unaweza kuwafundisha kuomba kitu kimoja kwa sentensi moja: "Baba, nisaidie ndoo hii ya maji," kisha wamshukuru.

Wasikilize ndugu peke yao pia, mteja akijua na akiwa ameridhia. Wana hofu, wana deni, wengine wamepigwa.

Mpango wa alama za mwanzo

Ukifanya jambo moja tu katika utarajali wako, fanya hili kwa kila mteja. Kuzidiwa mara nyingi hutanguliwa na siku au wiki za mabadiliko madogo yanayofanana kila mara. Atakayeyajua mapema ataweza kuzuia wodi.

1. Chagua wakati mteja ametulia. Kaa naye na ndugu anayemwamini.
2. Rudini kwenye mara ya mwisho alipozidiwa: "Wiki mbili kabla, nini kilianza kubadilika?"
3. Chukueni alama tatu au nne zilizo zake kweli. Mmoja huacha kulala na kuanza kupiga simu usiku. Mwingine huvaa miwani ndani ya nyumba, au huacha kula chakula kilichopikwa na mtu fulani.
4. Kwa kila alama andikeni nani atafanya nini: kumwambia kwa upole, kupunguza pilikapilika nyumbani, kwenda kliniki kabla ya tarehe.
5. Mteja aseme asichotaka atakapozidiwa. Kama hataki polisi, hataki kaka fulani amshike, iandikwe.
6. Nakala moja ya mteja, moja ya ndugu, moja ya faili. Kiswahili chepesi, herufi kubwa, namba ya simu ya kituo.

Kisha ujaribuni mpango huo. Waulize: "Leo halali usiku wa pili. Nani anaanza?" Utagundua namba ya simu imekufa, au nauli ya kliniki haipo, au ile sindano ya mwezi imeisha kituoni. Afadhali mgundue leo.

Makosa ya kawaida

Kukimbilia madodoso. Dodoso la sonona halitambui saikosisi, na alama zilizopangwa kwa watu wa nchi nyingine hazimwelezi bibi wa Kondoa.

Kutoa namba yako binafsi na nauli ya mfukoni. Moyo ni mwema, lakini mwezi ujao hutaweza, na mteja ataona umemtupa. Tumia simu ya kituo. Suala la nauli lipeleke kwa afisa ustawi wa jamii.

Kumsimulia mteja kwenye kundi la WhatsApp la darasa "bila jina". Mtaa mdogo unamtambua mtu kwa kisa chake.

Kuahidi kazi. Kazi ni tiba kubwa, na wengi wanaiweza kabla dalili hazijaisha. Uzoefu wa kumtafutia mtu kazi halisi mapema na kumsaidia akiwa humo, ulioanzia Marekani miaka ya 1990, umethibitishwa katika nchi nyingi. Lakini anza na alichokuwa akifanya: kushona, kuuza maji, kusaidia fundi gereji. Ongea na mwajiri kwa ruhusa ya mteja tu.

Kuwasahau waliopitia ugonjwa wenyewe. Mtu aliyewahi kulazwa akapona kiasi cha kuendesha genge lake atamwambia mteja wako jambo ambalo wewe huwezi kumwambia. Kenya wamejipanga hata katika chama chao, Users and Survivors of Psychiatry. Kwenye wilaya yako wapo, muuguzi anawajua.

Msimamizi

Usimpelekee habari njema tu. Kila wiki peleka mteja unayemkwepa, mteja unayempenda kupita kiasi, na uamuzi mmoja ulioufanya bila uhakika. Omba akuone ukifanya kazi, au mfanye ziara pamoja. Ukianza kuota sauti za wateja, kukosa usingizi, au kumchukia mama wa mtu, hayo nayo ni ya msimamizi, mapema.

Kuondoka

Kwa mtu aliyekwisha kuachwa na mke, marafiki na mwajiri, mtarajali anayetoweka Ijumaa moja ni jeraha jingine. Kwa hiyo:

1. Mwambie siku ya kwanza utakuwepo hadi mwezi gani. Mkumbushe katikati, na tena wiki sita kabla.
2. Andika ukurasa mmoja wa makabidhiano kwa kila mteja: anachotaka maishani, kinachomtuliza, alama zake za mwanzo, nani nyumbani wa kuzungumza naye, na kosa ambalo mwingine asilifanye kwake.
3. Ziara ya mwisho nenda na anayekupokea. Mtambulishe kwa mteja na kwa mkubwa wa nyumba, umwachie yeye aulize maswali.
4. Toa nafasi ya kuagwa. Ukipewa mayai au embe, pokea kwa mikono miwili na umweleze msimamizi. Fedha usipokee.
5. Siku unayokabidhi faili, futa kwenye simu yako namba, picha na ujumbe wote wa wateja, na daftari la ziara libaki kwenye kabati la kituo lenye ufunguo.